Anayeacha Kiti Ameacha Kadi

Krrr... kra.

Kimya.

Krrr... kra.

Ndivyo tulivyomwacha Apolot wiki jana: amelala kwa ubavu gizani, mtoto upande wa ukuta, pumzi ameibana, anasikiliza mnyororo wa plau ukivutwa polepole kutoka uvunguni mwa kitanda chake mwenyewe. Ninyi mlisema ni mwizi. Naye alisema hivyo hivyo moyoni.

Mkono wake ukashuka, ukapapasa sakafu, ukakamata pete ya mwisho ya ule mnyororo. Akavuta. Upande wa pili nao ukavuta.

"Wewe ni nani?"

Kimya.

"Nitapiga nduru kijiji kizima kije na mapanga!"

"Usipige. Ni mimi."

"Mimi ndiye nani?"

"Mimi Ongodia."

Mume wake! Mwanamume aliyengojwa jana mpaka ugali ukawa jiwe, leo anaingia kwake kwa kunyata kama paka wa jirani.

Apolot akawasha koroboi. Alipouona uso wa Ongodia, maneno makali aliyokuwa ameyapanga yakamwishia mdomoni. Uso ulikuwa umezeeka kwa siku moja.

"Unapeleka wapi mnyororo wa watu?"

"Ongea polepole, mtoto ataamka."

"Skania yuko wapi?"

Ongodia akainamisha kichwa.

Kwa msomaji aliyejiunga nasi leo: Skania ni ng'ombe dume wa kulima. Mwenzake anaitwa Bedifodi. Majina hayo waliyapata kwa malori yanayonguruma barabarani kwenda mpakani Malaba. Tena sikiliza vizuri. Skania ni wa Mzee Egwang. Plau ni ya Alinga. Mnyororo ni wa mjane Perez. Bedifodi peke yake ndiye wa Ongodia. Nyumba nne hapa Amagoro zimeunganisha nguvu, zinalima kwa zamu, na Ongodia ndiye mshika plau, ndiyo maana vyote vinalala kwake. Na mvua ya kwanza ilikuwa imeshaanza kunukia.

"Nimekuuliza, Skania yuko wapi?"

"Malaba. Amefungwa nyuma ya jikoni ya kasino."

Apolot akakaa chini taratibu, kama mtu anayetuliza mtungi wenye ufa.

"Umemweka ng'ombe wa Mzee Egwang kwa kadi?"

"Nilishinda, mama Alupo. Haki ya Mungu nilishinda. Halafu nikapoteza."

"Mtu anashindaje na anapoteza?"

"Ndiyo hiyo hata mimi sijaelewa."

Akatoa njiti za kiberiti mfukoni, akazipanga sakafuni chini ya mwanga wa koroboi. Moja mbele, mbili nyuma.

"Angalia. Hii ya mbele unaweka kabla hujaona kitu. Unapewa kadi tano, mgawaji naye anajipa tano. Ukiona zako ni takataka, unazitupa, na hii ya mbele inaenda. Ukiona ni nzuri, unaongeza hizi mbili nyuma. Halafu mgawaji anafunua zake."

"Akiwa na mbaya unakula zote."

"Si ndiyo! Hata mimi nilisema hivyo! Lakini wapi. Mgawaji lazima awe na Esi na Kingi pamoja, ama pea, ama kitu cha kupita hapo. Hapo ndipo wanasema amefungua. Asipofungua, anakulipa hii moja ya mbele tu. Hizi mbili za nyuma unarudishiwa vile zilikuwa. Hata kama umeshika kadi za malaika."

Apolot akazitazama njiti. Akazisogeza. Akazirudisha.

"Kwa hiyo akiwa na kitu kukushinda, anakula zote. Akiwa hana kitu kabisa, hakulipi."

"Hakulipi. Unatakiwa umwombee apate, lakini apate kidogo."

"Hiyo ni kama kupigana mieleka na mtu anayelala chini kabla hujamshika. Halafu mwamuzi anasema hukumwangusha."

"Sasa umeelewa kunishinda," Ongodia akasema kwa uchungu. "Lakini si hiyo imenimaliza. Imenimaliza mama mkwe."

"Mama yangu alikuwa kasino? Mama yangu ambaye hata soda anasema inalewesha?"

"Si huyo. Adeke."

Apolot akaelewa.

Adeke ni mdogo wa mwisho wa mama yake. Apolot mwenyewe alimbeba mgongoni akiwa mchanga, akampangusa kamasi. Lakini ukoo hauhesabu miaka. Kwa Apolot, Adeke ni mama mdogo. Kwa Ongodia, ni mama mkwe kamili, na mkwe hatazamwi usoni, hakaliwi naye meza moja, hapokewi kitu mkononi. Hilo kila mtoto wa Teso analijua kabla hajajua kuchunga mbuzi.

"Nilikuwa nimeshika kwini tatu na tisa mbili," Ongodia akasema. "Unajua hiyo ni nini? Hiyo ni mlima. Mbele nimeweka fungu moja la chipsi nilizopewa kwa Skania, mawili nimebakisha ya kuongeza. Wanaziita chipsi, lakini haziliki. Ndiyo nataka kuongeza, mgawaji akaguswa bega, akatoka. Akaingia mwingine, amevaa tai ndogo nyeusi. Nikainua macho, ni Adeke."

"Ukafanya aje?"

"Ningefanya aje? Nilisimama. Nikavua kofia, nikageukia ukuta."

"Na kadi?"

"Kadi nikaacha mezani, zimelala kifudifudi. Kugeuka, yule meneja, Chrispine, amepiga meza: 'Anayeacha kiti ameacha kadi.' Wakafagia zote. Zilizobaki nikazimaliza kwa hasira."

Apolot hakuweza hata kumgombeza. Angekaa akamkodolea mkwe wake macho, habari ingefika mpaka kijiji cha Angurai kabla ya jua kuzama. Alifanya kama anavyofanya mtu aliyelelewa. Na kulelewa kwake ndiko kulikomfunga ng'ombe wa watu nyuma ya jikoni.

"Sasa mnyororo ulikuwa wa nini?"

"Chrispine anasema nipeleke kitu nicheze tena, nimkomboe."

Apolot akaunyakua mnyororo wote, akauzungushia khanga, akaukalia.

"Wewe hapo hurudi. Nitaenda mimi. Kwangu Adeke si mkwe. Nitamtazama usoni mpaka aseme mbele ya watu kwamba hukutupa kadi. Wewe baki hapa. Mlinde Bedifodi, mlinde na mtoto."

"Apolot..."

"Nimemaliza."

*

Nje jua la mchana lilikuwa linawaka. Ndani ya kasino kulikuwa na giza la mapazia mazito na taa moja ya kijani juu ya meza. Madereva waliokuwa wakingoja malori yao yaruhusiwe forodhani walikuwa wameizunguka kama inzi kwenye muwa.

Chrispine alikuwa mtu wa Busia, viatu vyeupe, meno meupe, sauti ya kumbembeleza mtoto.

"Karibu, mama. Umekujia bahati ama umekujia ng'ombe?"

"Nimekujia haki."

"Hiyo imeisha. Soda iko."

Madereva wakacheka. Apolot hakucheka. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza, mnyororo ameubeba ndani ya khanga asije Ongodia akauchukua, hadi alipokuwa amesimama Adeke na tai yake ndogo.

"Mama mdogo, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," Adeke akajibu, na dereva mmoja wa Kampala akamwita Apolot bibi kwa lugha ya kwao, akashangaa kwa sauti: "Nyabo, huyu mtoto ni mama yako?"

"Ni mama yangu. Mama mdogo, jana bwanangu alitupa kadi?"

Adeke akamtupia jicho meneja. "Hakutupa."

"Alisema ameacha?"

"Hakusema kitu. Alisimama tu."

"Mmesikia!" Apolot akageukia watu. "Mtu hakutupa, hakusema! Alimpa mkwe wake heshima!"

"Boss, hapo mama ana maneno," dereva mmoja akasema.

"Kweli, boss. Mkwe ni mkwe."

Kwa mara ya kwanza tangu alfajiri Apolot akahisi kifua chake kinapata hewa. Lakini Chrispine hakuwa na haraka. Alinyoosha kidole kwenye ubao uliotundikwa ukutani, herufi ndogo za Kizungu, zimepangana kama siafu.

"Unajua kusoma, mama?"

"Kidogo. Nilisoma shule ya jioni."

"Soma."

Akasoma kwa kidole, neno baada ya neno. Njia nzima alikuwa amejiambia kwamba jambo likiandikwa, litakuwa la haki, wanaodhulumu hawaandiki. Na sasa liko mbele yake, limeandikwa. Mchezaji akiondoka kitini kabla ya kuongeza, kadi zake zimekufa. Mchezaji haonyeshi mwenziwe kadi. Mchezaji haombi ushauri. Hakuna mahali paliposema habari ya mkwe.

"Sheria si yangu," Chrispine akasema kwa upole. "Mimi naitunza tu. Lakini mimi si mnyama."

Akainua sauti ili kila mtu asikie.

"Nitakupa mkono mmoja. Ule mnyororo umebeba, weka mbele. Ukipenda kadi zako, unaongeza plau nyuma. Plau sihitaji kuiona, kwenu napajua. Nyuma ukishinda, unaondoka na ng'ombe wako. Ukishindwa, kesho natuma mtu achukue plau. Mnasemaje, mabwana? Nimemwonea?"

"Hujaonea, boss!"

Hivyo ndivyo watu hugeuka, ndugu zangu. Dakika moja wako nawe, dakika ya pili wanataka tamasha.

Apolot akautazama ule mnyororo. Ni wa mjane Perez, ameununua kwa pamba ya msimu mzima. Plau ni ya Alinga. Yeye aliyemgombeza mumewe kwa kucheza na mali ya watu, leo anaambiwa akae pale pale. Lakini plau bila ng'ombe ni chuma. Mnyororo bila ng'ombe ni kelele.

Akakaa. Akauweka mnyororo mbele. Krr.

"Gawa," Chrispine akasema.

Adeke akagawa. Kadi moja ya mgawaji inaachwa wazi, ndiyo desturi ya meza ile, na hiyo ilikuwa kumi. Nyingine nne zikalala kifudifudi.

Apolot akainua zake kwa ncha, kama mtu anayechungulia chungu.

Jeki. Jeki. Nne. Jeki. Nne.

Akazihesabu tena. Jeki tatu, nne mbili. Kwini tatu na tisa mbili ni mlima, Ongodia alisema. Basi na hizi je? Hata kama si mlima, ni kilima cha kusimama mtu.

Yule dereva wa Kampala alikuwa nyuma yake. Akavuta pumzi kwa kishindo. "Nyabo! Onge..."

"Funga mdomo!" Chrispine akafoka, ule upole wote umemtoka. "Mtu mwingine akitoa shauri, hizo kadi zinakufa hapo hapo!"

Akamgeukia Apolot.

"Mama. Unaongeza ama unatupa?"

"Naongeza."

Hapo ndipo Apolot alipoomba sala ambayo hakuwahi kufundishwa kanisani. Mungu, mpe mama mdogo Esi. Mpe na Kingi. Mpe afungue, kisha ukome hapo hapo, usimpe zaidi. Alimwombea anayecheza naye apate nguvu! Je, msomaji, umewahi kumwombea mtu anayekukaba koo awe na mikono yenye nguvu?

Adeke akafunua ya kwanza. Tatu.

"Bado," akanong'ona mtu.

Ya pili. Sita.

Ya tatu. Esi!

Madereva wakaruka. "Esi! Sasa Kingi! Kingi, dada, Kingi!"

Ilibaki moja. Adeke alimtazama Apolot, na Apolot alimtazama Adeke, yule mtoto aliyembeba mgongoni. Wote wawili walikuwa wanataka kitu kimoja, na hakuna kati yao aliyekuwa na uwezo nacho.

Adeke akageuza.

Kwini.

"Mgawaji hajafungua," Chrispine akasema, ule upole umerudi. "Onyesha zako, mama."

Apolot akazilaza. Jeki tatu, nne mbili. Ukumbi ukalipuka. "Ameshinda! Mama ameshinda! Boss, leta ng'ombe!"

Chrispine akachukua chipsi chache nyekundu, akaziweka kando ya mnyororo kwa ustaarabu mkubwa.

"Hongera. Umeshinda mbele."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe alikuwa nyuma. Nyuma haikuchezwa. Plau yako iko salama."

"Lakini nimemshinda!"

"Umemshinda, nani anakataa? Hakufungua tu."

Alilijua. Alikuwa amelijua tangu alfajiri kwa njiti tatu za kiberiti, na kulijua hakukumsaidia hata chembe. Mumewe alipotea kwa kutoelewa. Yeye ameelewa kila neno, na amepotea vile vile.

*

Alipopita nyuma ya jikoni, Skania alikuwa anatafuna majani ya kabichi. Akainua kichwa, akamtambua, akanyoosha ulimi. Apolot alimpapasa paji la uso, akaenda zake upesi, maana mpishi alikuwa ametoka kutazama.

"Mwanangu! Mwanangu, ngoja!"

Ni Adeke, anakimbia, tai ameishika mkononi.

"Usilie, mama mdogo. Si kosa lako. Zamu ni zamu."

"Ndiyo nimekufuata." Adeke alikuwa anahema. "Jana zamu yangu ilikuwa bado."

"Unasemaje?"

"Kengele ya kubadilisha zamu haikuwa imelia. Asubuhi Chrispine aliniuliza, hawa watu wa Amagoro, nani ni wakwe zako? Nikadhani ni mazungumzo tu. Nikamtajia. Sasa mumeo alipopata zile kadi, uso wake ulionyesha. Unamjua mumeo, uso wake ni dirisha. Chrispine akanisukuma: 'Ingia wewe, sasa hivi.'"

Apolot akashika ukuta.

Kumbe haikuwa ajali! Mtu wa Busia aliijua mila ya Teso kuliko walivyodhani, akaitumia kama panya anavyotegwa kwa kipande cha omena.

"Twende kwa chifu. Useme hivyo hivyo."

"Nitasema. Halafu mwanangu atakula nini, Apolot?" Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Baba yake alivuka mpaka, hajarudi. Hii tai ndiyo inamlisha."

Apolot angeweza kumlaani. Alimfuta machozi kwa ncha ya khanga, kama zamani.

"Nenda ndani, wasikuone."

"Sikiliza jambo la mwisho. Mfunge mumeo nyumbani. Jioni hii Chrispine amenipanga meza ile ile. Anasema mumeo atarudi tu. Alikuwa anacheka. Anasema, nani amewahi kuona plau inavutwa na ng'ombe mmoja?"

Apolot hakungoja kusikia zaidi. Alipanda baiskeli ya kwanza ya boda boda iliyosimama, mnyororo mapajani, akamwambia kijana akanyage.

Njia nzima alikuwa anajitia moyo. Skania tumempoteza, sawa. Nitamwendea Mzee Egwang mwenyewe, nitapiga magoti, nitamwambia ukweli wote. Bedifodi tutampa yeye awe wake. Tutakopa mwenzake popote, hata kwa kumlimia mtu. Maadamu Bedifodi yupo, kuna mahali pa kuanzia.

Alipoingia uani, Mzee Egwang alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, fimbo kati ya magoti.

"Mama Alupo, karibu kwako."

"Asante, mzee. Umekuja kitambo?"

"Si sana. Umeliona lile wingu la mlimani? Hilo halidanganyi. Kesho tunaanza kwangu, si ndiyo?"

"Ndiyo, mzee."

"Nimekuja kumwona Skania wangu. Nimsugue mgongo kidogo. Yuko wapi?"

Yale magoti aliyokuwa ameahidi kuyapiga yakakataa kukunjika. Ulimi ukatangulia.

"Wako malishoni, mzee. Wote wawili. Baba Alupo amewapeleka mtoni."

"Wote wawili?"

"Wote wawili."

Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Ongodia ni mtu mzuri. Huwezi kukuta ng'ombe wake na kiu."

Alupo alikuwa ametokea mlangoni, kiazi kitamu mkononi, majivu usoni. Akamtazama mama yake. Akamtazama mzee. Apolot alifungua mdomo kumwita ndani, lakini mtoto alikuwa wa kwanza.

"Baba amempeleka Bedifodi Malaba."